Master of Orion II: kushinda kwa vita tu, bila kura wala Antares (uzi wa hesabu)

Nahodha77
Wakuu, gemu hili likitajwa humu swali ni lile lile: meli ninazo, teknolojia ninayo, mbona jirani hafi? Uzi huu ni wa Master of Orion II peke yake, ile ya 1996 iliyotengenezwa na Simtex na kutolewa na MicroProse. Gemu ni kongwe lakini laptop yoyote inalibeba kupitia DOSBox (programu ya kuendesha magemu ya zamani), na hesabu zake hazibadilishwi kila mwezi kama za magemu ya siku hizi. Ninachoandika ni cha toleo 1.31. Mwenye 1.50 ya mashabiki atakuta tofauti hapa na pale.

Ushindi una njia tatu: baraza la galaksi likupe theluthi mbili ya kura, uwafuate Waantares (wavamizi wanaoendeshwa na kompyuta) kwao uwapige, au ufute kila himaya nyingine kwenye ramani. Hapa tunaongea ya tatu tu.

Nianze na kinachoua vita vingi kabla risasi haijatoka: pointi za kamandi. Angalia paneli ya kulia ya skrini kuu. Star Base (kituo cha angani cha kulinda koloni) moja inakupa pointi 1, Battlestation 2, Star Fortress 3. Upande wa matumizi, Frigate inakula 1, Destroyer 2, Cruiser 3, Battleship 4, Titan 5, Doom Star 6. Meli ya kubeba askari (Transport), ya koloni na ya kituo cha mbele, kila moja inakula 1. Ukizidisha, kila pointi ya ziada inakutoza BC 10 (pesa za gemu) kwa zamu. Destroyer 6 na Transport 4 ni pointi 16. Kama una 9, umezidisha 7, yaani BC 70 zinaondoka kila zamu hata kama meli zimeegeshwa tu. Himaya ya mapema yenye koloni nne haina uwezo huo zaidi ya zamu chache.

Kwa hiyo kikosi hakijengwi kidogo kidogo kikakaa kusubiri. Kwanza weka Star Base kwenye kila koloni linaloweza kumudu matunzo yake. Halafu jenga meli zote ndani ya dirisha fupi na ziondoke zikiwa pamoja. Transport zije mwishoni kabisa, maana zikishateremsha askari zinatoweka na pointi zake zinarudi kwako.

Utafiti wa mawasiliano wengi wanauruka kwa sababu hauna mlipuko. Tachyon Communications inaongeza pointi 1 kwa kila Star Base uliyonayo. Koloni sita zenye kituo ni pointi 6, sawa na Cruiser mbili za bure.

Ndondocha
Mkuu hesabu yako inakupinga mwenyewe. Gawanya nafasi ya meli kwa pointi inazokula. Frigate nafasi 25 kwa pointi 1. Destroyer 60 kwa 2, sawa na 30. Cruiser 120 kwa 3, sawa na 40. Battleship 250 kwa 4, ni 62 na nusu. Titan 500 kwa 5, ni 100. Doom Star 1200 kwa 6, ni 200. Kama kamandi ndiyo kikwazo, basi subiri meli kubwa. Tena ukiweka Battle Pods, nafasi inapanda kwa nusu: Battleship inakuwa 375. Destroyer ni kupoteza chuma.

Nahodha77
Gawio ni sahihi, saa ndiyo mbovu. Battleship huhitaji kuitafiti, inataka Star Base tu kwenye koloni linaloijenga (chochote kinachozidi Destroyer kinadai hivyo). Tatizo ni uzalishaji. Zamu unazotumia kuijenga, jirani anazitumia kutafiti ngao, na ngao za gemu hili hazikupunguzii asilimia, zinakata namba kamili kwenye kila pigo.

Ngao ya daraja la I inakata 1, III inakata 3, V inakata 5, VII inakata 7, X inakata 10. Leza inapiga 1 hadi 4. Mbele ya daraja la III, leza yako bora kuliko zote inapitisha 1, nyingine zote zinapitisha sifuri. Unaweza kuwa na leza mia, zitatekenya tu. Kombora la nyuklia ni 8, kwa hiyo hapo bado linapitisha 5.

Kwenye sayari ni hivyo hivyo. Radiation Shield ya sayari inakata 5, Flux Shield inakata 10, Barrier Shield inakata 20. Nyuklia 8 dhidi ya Radiation inabaki 3. Dhidi ya Flux inabaki hakuna. Na Barrier ikishasimama, askari hawashuki kabisa mpaka uiangushe. Kila daraja analopanda jirani linafuta kizazi kizima cha silaha zako. Ndiyo maana nasema piga mapema na Destroyer za makombora, halafu Battleship zitafuata kwa pesa za sayari ulizoteka.

Ndondocha
Mapema ni lini? Taja namba.

Nahodha77
Usihesabu kwa zamu, hesabu kwa alama za jirani. Kalenda inaanza 3500.0 na kila zamu ni 0.1, kwa hiyo 3510.0 ni zamu ya 100, lakini ramani ndogo na ramani kubwa haziendi mwendo mmoja. Alama ni hizi: ngao zake bado ni daraja la I au hana kabisa, juu ya sayari yake kuu kuna Star Base ya kawaida, na wewe una MIRV kwenye makombora ya nyuklia. MIRV huitafiti peke yake, inajifungua kadiri unavyosonga mbele kwenye kemia. Kombora moja linapasuka vichwa 4. Bila ngao ni 32, kwa ngao daraja la I ni 28.

Mchoro wa meli: Destroyer, makombora ya nyuklia yenye MIRV, raki ya risasi 2, nafasi yote. Usiweke raki ya 5 wala ya 10. Pambano la mapema linaamuliwa na mirusho miwili ya kwanza, na raki ndogo inakupa mirija mingi zaidi kwenye nafasi ile ile. Makombora yanajazwa upya pambano likiisha, hulipi kitu.

Warusha makombora wengi huharibu hapa: meli moja inalenga Star Base, nyingine inalenga Frigate, ya tatu inalenga sayari. Makombora machache yanapokaribia, mizinga ya kujilinda inayadungua yote. Zote zilenge kitu kimoja, zamu moja. Star Base kwanza kwa kawaida, maana ndiyo yenye silaha nyingi, na ikilipuka mwenye nayo anapoteza pointi zake za kamandi pamoja na uwezo wa kujenga meli kubwa hapo.

bi_mahesabu
Niongeze kwenye masafa, maana hapo ndipo mipango inakwama bila mtu kuelewa kwa nini meli zinakataa kwenda. Mafuta ya kuanzia yanafika paseki 4 (kipimo cha umbali kwenye ramani) kutoka koloni lako au kituo chako cha mbele kilicho karibu zaidi. Deuterium inafika 6, Irridium 9, Uridium 12, na Thorium haina kikomo. Kama jirani yuko paseki 6, una njia tatu: utafiti mafuta, uweke matangi ya ziada kwenye mchoro (masafa yanapanda kwa nusu, ila yanakula nafasi ya silaha), au ujenge kituo cha mbele njiani. Kituo ndicho rahisi. Hakihitaji sayari nzuri, hata mkanda wa asteroidi au sayari ya gesi inatosha.

Mwendo nao uhesabu. Injini ya Nuclear ni paseki 2 kwa zamu, Fusion 3. Paseki 6 kwa Nuclear ni zamu tatu za kwenda, na tatu nyingine za kila kundi la nyongeza. Transport iliyochelewa inamkuta jirani ameshanunua Star Base mpya, unaanza moja.

Kuhusu kununua: usinunue kitu siku unayokianza. Bei ya kila pointi ya uzalishaji ni kali mwanzoni na inashuka kadiri ujenzi unavyosonga. Acha ifike nusu ndipo ulipie kilichobaki. Hela inayotosha Transport moja changa inamalizia zaidi ya mbili zilizofika nusu.

Mzee wa Zamu Moja
Askari je? Mtu anashinda angani vizuri kabisa, halafu anateremsha Transport mbili na wote wanakufa.

bi_mahesabu
Shikamoo mzee. Transport moja ina askari 4. Kila raundi askari mmoja wa kila upande anapata namba ya bahati kati ya 1 na 100, inajumlishwa na ziada ya silaha na ya jamii yake, mwenye ndogo anaumia. Vifaru vinavumilia pigo mbili.

Upande wa mlinzi: Marine Barracks inaanza na askari 4 na kuongeza 1 kila zamu 5, mwisho wake nusu ya wakazi wa sayari. Sayari ya wakazi 16 ikikaa muda mrefu itakuwa na askari 8. Kama ana Armor Barracks, ongeza vifaru, vinavyoanza 2 na kuongezeka kwa mwendo ule ule. Mkiwa sawa kwa silaha, askari 8 wanataka 12 wa kwako, yaani Transport 3. Ukiona vifaru, beba 5 au 6. Kubeba nusu-nusu ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu waliokufa hawarudi na Transport zimekwenda nao.

Jamii zinabadilisha hesabu hii sana:
Psilon ni wa mvuto mdogo, wanapungukiwa 10 ardhini. Hawa ni wepesi.
Sakkra wanaishi chini ya ardhi, wanapata 10 wakilinda. Ongeza Transport moja kwa kila tatu.
Bulrathi wana 10 ya kuzaliwa na mvuto mkubwa, askari wao anavumilia pigo la ziada. Waache mpaka uwe na silaha za mkononi za kizazi cha mbele.

Na usipige mabomu sayari unayotaka kuila. Wakazi wanakufa, majengo yanaungua, unabaki na jiwe lenye bendera yako.

KifaruMpole
Nyie mnahangaika na Transport wakati kuna Telepathic. Jenga jamii yako mwenyewe. Pointi ziko 10, na unaruhusiwa kuchukua udhaifu hadi 10 nyingine:

Unification (aina ya serikali) 6, Telepathic 6, mashambulizi ya meli +50 kwa 4, uzalishaji +1 kwa 3, sayari kuu kubwa 1. Jumla 20.
Udhaifu: Repulsive (jamii inayochukiwa na wengine) inarudisha 6, askari wa ardhini -10 inarudisha 2, ulinzi wa meli -20 inarudisha 2. Jumla 10.

Telepathic haiteremshi askari. Ukishawaangusha walinzi wa angani na wa sayari, ukiwa na Cruiser au meli kubwa zaidi kwenye kikosi, unalitawala koloni kwa akili tu. Watu wote wanakuwa wako, majengo yamesimama, na hakuna kipindi cha kusubiri watii. Ndiyo maana udhaifu wa askari hauumi. Repulsive nayo inakunyima mikataba ambayo mshindi wa vita hakuwa na haja nayo.

Nahodha77
Mchoro mzuri, lakini kuna shimo wanaloanguka wageni: Destroyer haitoshi kutawala akili. Ukienda na kundi la Destroyer tupu utashinda pambano kisha utabaki unatazama sayari. Peleka Cruiser moja hata kama haina silaha ya maana. Na ujue wanaokuzunguka wakikuona wa Repulsive hawatakupa amani, kwa hiyo koloni la nyuma nalo linahitaji Star Base. Usiliache wazi eti vita viko mbele.

Repulsive pia inakutia hatarini kwenye baraza. Wagombea ni wale wawili wenye watu wengi zaidi, na kura zinatokana na idadi ya watu. Ukiwa wa pili na hupendwi, wengine wakimwunga mkono wa kwanza wakafikisha theluthi mbili, gemu limekwisha, mpinzani kashinda. Dawa ni hesabu: miliki zaidi ya theluthi moja ya kura na ujipigie mwenyewe, hapo hakuna anayeweza kufikisha. Kwa hiyo ukichagua nani wa kumla wa pili, angalia nani ana watu wengi, usiangalie nani yuko karibu.

Mzee wa Zamu Moja
Marahaba binti. Na wa kwanza awe nani?

Nahodha77
Psilon akiwa ndani ya masafa, hakuna mjadala. Ni Creative, yaani wenzake wanachagua teknolojia moja kati ya zilizopo kwenye kila hatua, yeye anazibeba zote. Ukimwacha akomae, kila ngao niliyotaja juu atakuwa nayo. Tena wakazi waliotekwa wanabaki na vipaji vyao vya kuzaliwa: kila mwanasayansi wa Psilon anatoa utafiti 2 zaidi ya kawaida hata akiwa chini ya bendera yako. Klackon vile vile, shambani na kiwandani wanatoa 1 zaidi. Weka kila jamii kwenye kazi yake. Kuteka Psilon ukawapeleka wakalime ni matusi.

Alkari wana ulinzi wa meli +50, mionzi inawakosa sana kama kompyuta yako bado ni ya Electronic yenye +25. Nenda na Optronic ya +50 au zaidi. Mrrshan ni kinyume: mashambulizi +50, wanaumiza mno, lakini hawavumilii kuliko wengine. Wapige wao kwanza zamu ya kwanza kwa makombora.

Orion yenyewe, ile nyota iliyolipa gemu jina, iacheni. Guardian anayeilinda anakula vikosi vya mapema kama karanga.

Ndondocha
Sawa, tuseme umechukua mbili. Hapo sasa Battleship zangu zinaingia au bado ni marufuku?

Nahodha77
Zinaingia, na hapo gawio lako ndilo sheria. Mchoro wa katikati ya gemu: Battleship, Battle Pods, Reinforced Hull (uimara wa kiunzi mara tatu), na Heavy Armor kama uliichukua (deraya mara tatu, na inazima silaha za kutoboa deraya). Silaha iliyopo mkononi: Mass Driver ni 6 kamili bila kupungua kwa umbali, kwa hiyo ngao ya III inaacha 3. Ukiweka toleo zito la silaha (Heavy Mount) inapanda mara moja na nusu, inakuwa 9, inaacha 6. Angalia hilo: toleo zito linakula nafasi mara mbili, na mbele ya ngao ya III linapitisha 6 badala ya 3, yaani sawasawa na mbili za kawaida. Mbele ya ngao ya V, ya kawaida inaacha 1 na nzito inaacha 4. Hapo nzito inashinda kwa mbali. Kwa hiyo chunguza ngao za adui kabla ya kuchora, usichore kwa mazoea.

Tenga sehemu ya nafasi kwa mizinga midogo ya kujilinda. Adui wa kompyuta anapenda makombora, na meli isiyo na mzinga mdogo hata mmoja inapokea yote.

bi_mahesabu
Kwa wasio Telepathic, kuna gharama ya baada ya kuteka ambayo haijatajwa. Wakazi wapya hawatii mara moja. Democracy inamgeuza mmoja kila zamu 4, Dictatorship kila 8, Unification kila 20. Wasiogeuzwa wanaweza kuasi. Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye orodha ya ujenzi ni Marine Barracks, cha pili Star Base ili kamandi yako ikue pamoja na vita. Dictatorship isiyo na Barracks inapoteza ari 20%, na mchanganyiko wa jamii unakata nyingine 20 mpaka ujenge Alien Management Center.

Chakula nacho. Koloni jipya likikosa, linakula kutoka kwako kwa meli za mizigo, moja kwa kila kipimo cha chakula, na ujenzi mmoja unakupa 5. Kuhamisha mkazi mmoja kunashika 5 nzima. Mtu anahamisha wakazi wanne siku moja, meli 20 zinashikwa, na koloni jingine linalala njaa.

Meli ulizoteka msizipuuze. Ukiipeleka meli ya adui kwenye koloni lako na kuivunja, unaweza kupata teknolojia iliyokuwa ndani yake. Tractor Beam inaishika isitembee, halafu askari wako wanaingia. Troop Pods inazidisha askari wa meli mara mbili.

KifaruMpole
Swali moja kwa wanaotumia mchoro wangu. Elerian akiwa jirani?

Nahodha77
Hapo kutawala kwa akili hakufanyi kazi, Elerian naye ni Telepathic na koloni zake hazitawaliki hivyo. Inabidi urudi kwenye Transport, na kwa kuwa uliuza askari kwa -10, hesabu ya bi_mahesabu ya 12 kwa 8 haitoshi. Beba 16, Transport 4 kwa sayari ya wakazi 16, 6 au 7 kama kuna vifaru. Au mwache awe wa mwisho: tafiti bunduki za Fusion na Personal Shield kwanza, zinafuta ile -10 na kubakiza. Transport zianze kujengwa kikosi kikiwa njiani, kwenye koloni lililo karibu na mpaka, na ziondoke zamu ambayo zitafika moja nyuma ya kikosi. Zikitangulia peke yake, Frigate moja inazimaliza zote.